Tunawaambia waongee, lakini waseme nini?

Nairobi imejaa wito wa kuongea. Upo kwenye mabango, kwenye vipindi vya redio vya asubuhi vinavyojadili mtoto wa kiume, kwenye mahubiri ya Jumapili na kwenye semina za ofisini zinazomalizikia kwa chai na mandazi. Ifikapo Septemba 10, Siku ya Kimataifa ya Kuzuia Kujiua, ujumbe huwa mmoja: usinyamaze, toa ya moyoni, ukiulizwa uko aje usijibu "niko poa" ilhali huko poa. Nia ni njema na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na dhana iliyojificha chini ya wito wenyewe, kwamba kila anayenyamaza anajua anachokinyamazia.

Hata wahenga walikuwa na dhana hiyo. Mficha maradhi, walisema, kifo humuumbua. Lakini mficha maradhi ni mtu aliyekwisha kujua anaumwa wapi. Ameamua tu kukaa kimya. Wapo wengine, na si wachache, ambao hawajaficha kitu. Ukiwauliza wanahisi nini, jibu lao la kweli, lisilo na ujanja wala aibu, ni "sijui". Na utafiti wa ubongo, kwa kasoro zake zote nitakazozitaja, unatupa sababu ya kuwaamini.

Mwaka 1973 Peter Sifneos, daktari wa magonjwa ya akili mzaliwa wa Ugiriki aliyekuwa akifanya kazi Boston, Marekani, aliipa hali hii jina: aleksithimia. Wagonjwa waliomfikisha hapo walikuwa na maradhi ya mwili ambayo madaktari wa wakati huo waliyahusisha na msongo wa mawazo. Wakiulizwa kuhusu hisia zao, walirudi kueleza matukio. Msomaji wa Nairobi anamjua mtu wa namna hii. Muulize alihisi nini siku alipomzika babake, atakusimulia mazishi: nani alikuja, basi lilikwama wapi, chakula kilitosha au hakikutosha. Tumezoea kusema anakwepa swali. Huenda amelijibu kwa uwezo wake wote.

Aleksithimia si ugonjwa, wala haimo kwenye miongozo ya madaktari kama utambuzi rasmi. Ni hulka ambayo kila mtu anayo kwa kiasi fulani, wengine kidogo, wengine kwa kiwango kinachowavurugia ndoa, kazi na afya. Utafiti uliofanywa Finland na kuchapishwa mwaka 1999 uliwakuta asilimia 13 ya watu wazima wakiwa na kiwango cha juu, asilimia 17 kwa wanaume na 10 kwa wanawake. Kwa watu wenye usonji, uchambuzi wa pamoja wa tafiti nyingi uliotoka mwaka 2019 ulikadiria kuwa karibu nusu yao wako hivyo.

Kitu kimoja kiwekwe wazi mapema kwa sababu ndicho kinachowaumiza zaidi watu hawa: hisia wanazo. Moyo unawadunda, viganja vinatoka jasho, tumbo linasokota, machozi yanaweza kuwatoka katikati ya filamu ya kawaida wasijue yametokea wapi. Kinachokwama ni kuvuka kutoka kwenye mwili hadi kwenye utambuzi: hii ni hofu, hii ni hasira, haya ni majonzi. Mkewe akimwambia ana roho ya jiwe anamdhulumu, ingawa naelewa kwa nini mke mwenyewe amechoka.

Sasa tuingie kichwani. Kati ya mwili kutikisika na mtu kusema "nimeogopa" kuna kazi nyingi, na haifanywi na sehemu moja ya ubongo. Ipo amigdala, iliyoko ndani kabisa, ambayo ni nyepesi kugundua hatari. Ipo insula, iliyojikunja kwenye ubavu wa ubongo, inayopokea habari kutoka moyoni, mapafuni na tumboni. Mwaka 2002 mtafiti Bud Craig alijenga hoja yenye uzito kwamba sehemu yake ya mbele ndiko hali ya mwili inakogeuka kuwa hisia ambayo mtu anaitambua kuwa yake. Insula hufanya kazi bega kwa bega na singuleti ya mbele, sehemu nyingine ya ubongo, kuamua kipi kati ya mengi yanayotokea kinastahili kushughulikiwa sasa hivi. Kuna maeneo ya lugha, ambayo kwa watu wengi yako upande wa kushoto. Na kuna mtandao ambao Marcus Raichle na wenzake waliueleza mwaka 2001, unaochangamka mtu anapokuwa hana shughuli ya nje: anapojifikiria, anapokumbuka, anapowazia kesho.

Ukiupanga mnyororo huo wote mezani, swali la wazi linajitokeza. Itakuwaje kama kila sehemu ni nzima, ila mawasiliano kati yao ni hafifu?

Fununu ya kwanza nzito ilitoka kwenye chumba cha upasuaji. Kulikuwa na wagonjwa wa kifafa sugu huko California ambao madaktari waliwakata daraja la nyuzi linalounganisha nusu mbili za ubongo, lenye nyuzi takriban milioni 200, ili dhoruba ya kifafa isivuke kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kifafa kilipungua. Wagonjwa walitembea, walizungumza, walijitegemea. Ukikutana nao njiani usingejua. Hawa ndio waliomsaidia mtafiti wa ubongo Roger Sperry kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1981. Lakini mwaka 1977 Klaus Hoppe na Joseph Bogen, waliowachunguza wagonjwa 12 kati yao, walieleza kuwa walikuwa na dalili zile zile alizozieleza Sifneos. Baadaye baadhi yao walionyeshwa filamu fupi yenye dalili za kifo na kufiwa, kisha wakaombwa waieleze. Walieleza walichokiona. Maneno ya hisia ndiyo yalikuwa haba, wakilinganishwa na watu ambao ubongo wao haukuwa umekatwa.

Mimi huurudia ushahidi huu kila ninapoona mtu akidharau hali hii, maana hakuna hapa suala la malezi wala ubabe. Wagonjwa hawa hawakuwa wameambiwa wajikaze kisabuni. Daraja lilikatwa, na sehemu ya lugha ya moyo ikapungua. Hata hivyo tukumbuke walikuwa watu wachache, waliougua kifafa miaka mingi kabla ya kisu, na ubongo uliougua hivyo si kipimo safi cha ubongo wa mtu wa kawaida.

Watu wa kawaida walianza kupimika vizuri zaidi baada ya mwaka 1995, Bharat Biswal alipoonyesha huko Milwaukee kwamba hata mtu akilala kwenye mashine ya MRI, ile ya kupiga picha za ubongo, bila kufanya lolote, sehemu fulani za ubongo wake hupanda na kushuka kwa pamoja. Hapa ndipo neno "muunganisho" lilipoanza kuwachanganya wasomaji wa magazeti, kwa hiyo tulifafanue. Mashine haioni hisia. Inapima mabadiliko ya oksijeni kwenye damu, mahali hapa na pale, kila baada ya sekunde chache. Chukulia umefungiwa kwenye chumba, huoni barabara hata moja, lakini kila dakika unaletewa idadi ya magari yaliyokwama Roysambu, Allsops na Karen. Baada ya saa chache utagundua kuwa Roysambu ikijaa, Allsops nayo hujaa, huku Karen ikiendelea na mambo yake. Utasema Roysambu na Allsops zimeunganika, na hutakuwa umekosea. Lakini hujaiona Thika Road. Hujui msongamano ulianzia juu au chini. Wala hujui kama zote mbili zimekwamishwa na polisi mmoja aliyesimamisha magari Muthaiga. Muunganisho wa MRI ni wa aina hiyo: ni kwenda pamoja kwa namba. Kuna picha nyingine za MRI zinazojaribu kuichora barabara yenyewe, yaani nyuzi nyeupe za ubongo, na barabara inaweza kuwepo bila magari kupita.

Kwa kipimo hicho, watu wenye aleksithimia ya juu wamepatikana na nini? Watafiti wa Uholanzi waliripoti mwaka 2012 kwamba ule mtandao wa kujifikiria ulikuwa na mawasiliano hafifu ndani kwa ndani, na mawasiliano zaidi na maeneo yanayoshughulikia mwendo na kuona. Ukikumbuka kuwa moja ya alama za hali hii ni fikra kuelekea nje, kwenye matukio na vitu badala ya yanayoendelea moyoni, matokeo hayo yanavutia sana. Mwaka uliofuata, uchambuzi wa pamoja wa tafiti zilizokuwepo ulionyesha kwamba amigdala za watu hawa huitikia kwa udhaifu zaidi wanapoonyeshwa mambo ya kuhuzunisha au kutisha.

Utafiti ninaoupenda zaidi ni wa mwaka 2010, wa Geoffrey Bird, Tania Singer na wenzao. Walipima insula za watu wenye usonji na wasio nao wakati mtu wao wa karibu alipokuwa akiumizwa kidogo kwa makusudi ya jaribio. Kwa miaka mingi ilisemwa kuwa mwenye usonji hana huruma. Kilichotabiri mwitikio wa insula hakikuwa usonji. Kilikuwa aleksithimia. Asiyeweza kuzisoma hisia zake alionyesha mwitikio dhaifu kwa maumivu ya mwenzake, awe na usonji au asiwe nao. Kuna wazazi Nairobi ambao wamewahi kuambiwa, tena na watu wenye vyeti, kwamba mtoto wao hana moyo wa kuhurumia. Laiti wangepewa karatasi hiyo waisome.

Hizi zote bado ni namba zinazokwenda pamoja. Ushahidi unaokaribia kuonyesha chanzo ulitoka kwa wanajeshi wa zamani wa Marekani waliojeruhiwa kichwa katika vita vya Vietnam na kufuatiliwa kwa miongo kadhaa. Mwaka 2016 ilichapishwa kuwa kadiri insula ya mbele ilivyokuwa imeharibika zaidi, ndivyo aleksithimia ilivyokuwa kubwa zaidi. Jeraha lilitangulia. Na tafiti za watu waliopata ajali Uingereza zimeonyesha pia kwamba hali hii ni ya kawaida zaidi kwa waliojeruhiwa kichwa kuliko kwa wengine.

Nikisoma hayo siwazi Vietnam. Nawaza boda boda.

Kila Mkenya anajua vijana wetu wanavyoingia wodini kwa sababu ya pikipiki, na wengi wao huingia na majeraha ya kichwa kwa vile helmeti ilikuwa imening'inizwa kwenye usukani. Hospitali hupambana kuokoa maisha, hilo lisidharauliwe. Kijana anatoka, anaweza kutembea, anahesabu pesa vizuri, anajua jina la mamake, na faili linasema amepona. Nyumbani mke anasema, "Huyu aliyerudi si yule aliyeenda." Hacheki panapochekesha, hasikitiki anapoambiwa mtoto ni mgonjwa, akiulizwa ana nini anapandisha mabega. Jirani anasema ni bangi, mama mkwe anasema kuna mkono wa mtu. Ikiwa hata mmoja kati ya vijana hao ameumia mahali ambapo habari za mwili hugeuka kuwa hisia, basi nyumba inavunjika kwa jambo ambalo mtu mmoja mwenye koti jeupe angeweza kulieleza kwa dakika kumi.

Nimesema mengi ya kuusifu utafiti, sasa niupunguze. Tafiti nyingi za picha za ubongo ni ndogo. Mwaka 2022 Scott Marek na wenzake walichapisha katika jarida la Nature uchambuzi wa data za watu takriban 50,000, wakaonyesha kuwa uhusiano kati ya umbile au muunganisho wa ubongo na tabia ya mtu, ukipimwa vizuri, kwa kawaida ni mdogo sana, na kwamba ili kuupata kwa uhakika unahitaji maelfu ya watu. Utafiti wa kawaida wa nyanja hiyo ulikuwa na watu kama 25. Tafiti kadhaa nilizozitaja hapo juu ziko karibu na 25 kuliko maelfu. Kwa hiyo anayekuuzia kipimo cha MRI ili akuonyeshe kwamba mumeo hana hisia, mwache na mashine yake. Hakuna picha inayoweza leo kumtazama mtu mmoja mmoja na kusema huyu ana aleksithimia na yule hana. Kinachosimama ni kile ambacho njia tofauti zimekifikia kwa pamoja: kisu cha upasuaji, risasi ya vita, na mashine. Zote zinaelekeza kwenye njia kati ya mwili, insula na maeneo ya kutafakari na kutamka.

Upotoshaji mwingine ni huu: likitajwa neno ubongo, watu husikia "amezaliwa hivyo, basi". Utafiti mkubwa wa mapacha nchini Denmark uliochapishwa mwaka 2007 ulikadiria kuwa urithi unaeleza takriban theluthi moja tu ya tofauti kati ya watu. Sehemu kubwa iliyobaki inatokana na maisha, na katika maisha utoto una uzito wake. Tafiti nyingi zimeihusisha hali hii na kutojaliwa kihisia udogoni. Mtoto hazaliwi akijua kuwa lile joto la usoni ni aibu na ule uzito wa kifua ni kutamani mtu aliyeondoka. Hutajiwa. Mama humwambia, "Umeogopa mbwa, eh? Njoo." Akitajiwa mara elfu, baadaye anajitajia mwenyewe. Yule anayeambiwa "nyamaza, mwanamume halii" kila anapofungua mdomo ananyimwa machozi, sawa, lakini ananyimwa pia lile somo. Miaka thelathini baadaye tunamfuata na bango tukimwambia aongee. Na tusijifanye kwamba serikali ilikuwa imesimama pembeni: hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipoamua kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba, tulikuwa tunawahimiza watu waseme yaliyowafika shingoni huku jaribio la kujiua likiwa kosa la jinai.

Sasa hulka hii hupimwaje? Kipimo kinachotumika zaidi duniani ni dodoso la Toronto lenye maswali 20, lililochapishwa mwaka 1994 na Michael Bagby, James Parker na Graeme Taylor. Alama huanzia 20 hadi 100. Ukifika 61 unahesabiwa kuwa na aleksithimia. Ni kipimo kizuri kwa kazi zake, lakini hebu kichukue ukipeleke Kayole. Sentensi moja inamtaka mtu aseme kama huhisi mambo mwilini ambayo hata madaktari hawayaelewi. Mtu aliyepanga foleni tangu saa kumi na mbili asubuhi, akaonwa kwa dakika nne, akatoka na Panadol bila maelezo, atakubali kwa nguvu zote, na atakuwa anazungumzia huduma ya afya wala si hisia zake. Nyingine inauliza kama hupendelea vipindi vyepesi vya burudani kuliko michezo ya kuigiza inayochimba nafsi za watu. Nani anayeshuka matatu saa mbili usiku kutoka Industrial Area asiyependelea vichekesho? Nyingine inauliza kama mtu hupenda kuzungumzia shughuli za kila siku za watu kuliko hisia zao, jambo ambalo kwa familia nyingi ni adabu tu mbele ya mgeni.

Hoja hii si ya ukaidi. Tafiti zilizolinganisha watu wenye asili ya China na wenye asili ya Ulaya huko Amerika Kaskazini ziligusa jambo hilo hilo: sehemu ya tofauti ya alama ilitokana na jinsi jamii inavyothamini kutazama nje kuliko kujichunguza. Kwa hiyo kabla mtu hajatuletea takwimu kwamba nusu ya wanaume wa Nairobi hawajui hisia zao, dodoso linahitaji kufanyiwa kazi hapa, kwa Kiswahili cha hapa, na watu wanaojua tofauti kati ya asiyejua na asiyetaka kumwambia mgeni. Nairobi ina watafiti wa afya ya akili wa kutosha kuifanya kazi hiyo. Tatizo huwa ni nani anayelipa na anataka kupima nini.

Tofauti hiyo kati ya asiyejua na asiyetaka kusema ndiyo kiini cha makala haya, na ina gharama. Sera ya Afya ya Akili ya Kenya ya 2015 hadi 2030 inakadiria kuwa hadi asilimia 25 ya wagonjwa wanaohudumiwa na kurudi nyumbani, na hadi asilimia 40 ya wanaolazwa, wana tatizo la afya ya akili. Wengi wao hawaji wakisema "nina huzuni". Wanakuja na kichwa, mgongo, presha, vidonda vya tumbo, kifua kinachobana. Sehemu yao wanajua kuna jambo na wanaona aibu. Hao bango linaweza kuwasaidia. Sehemu nyingine wameleta kila walichonacho. Kichwa kinachouma ndicho taarifa kamili waliyofanikiwa kuipata kutoka ndani. Ukimwambia mtu wa pili afunguke, unamwongezea kosa jingine la kujilaumia: hata kufunguka ameshindwa.

Kuna dalili kwamba kutaja hisia si mapambo. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake walionyesha kwamba mtu akitazama uso wenye hasira au hofu na kuchagua neno la hisia hiyo, amigdala hutulia kuliko anapochagua jina la mtu, na sehemu ya mbele ya ubongo upande wa kulia ikachangamka zaidi. Kutaja kunabadilisha kinachotajwa. Na tafiti za matibabu zinaonyesha kuwa alama za aleksithimia zinaweza kushuka kwa mafunzo yanayolenga hasa kuutambua mwili na kuupa hali yake jina, ingawa si kwa kila mtu na si kwa kasi moja. Hakuna dawa ya kumeza kwa hali hii.

Kwa hiyo swali lenyewe ndilo libadilike. "Unahisi nini?" ni swali la mwisho wa safari, nasi tunalitumia kama la kwanza. Anayetaka kumsaidia mtu wa aina hii aanzie mwilini: unasikia wapi, kifuani au tumboni? Kulianza lini, jana kabla ya simu ya landlord au baada? Mara ya mwisho ulisikia hivi ilikuwa wapi? Kisha umpe maneno mawili matatu achague, badala ya kumwachia ukurasa mtupu: hiyo inakaa kama hasira au kama woga? Mtu anayeshindwa kabisa na swali la wazi huweza kushangaza anapopewa la kuchagua. Wanaoendesha vikundi vya wanaume makanisani na kwenye chama za mtaani wanaweza kujaribu hili wiki hii bila kusubiri wafadhili, ila wajiandae kwa ukimya mrefu na wasiujaze kwa mahubiri.

Serikali nayo haijakosa njia. Tangu Septemba 2023 kuna wahudumu wa afya ya jamii takriban 100,000 nchini, wanaozunguka nyumba kwa nyumba na mkoba wenye kipima presha. Yule anayekufunga kitambaa mkononi ndiye aliye karibu kuliko wote na mwili unaosema kile ambacho mwenyewe hakijui. Maswali mawili ya mwili na wakati yanaweza kuingia kwenye ziara ile ile. Kliniki za waliojeruhiwa kichwa nazo zimwite ndani mwenzi au mama wa mgonjwa na kumuuliza ni nini kilichobadilika, kwa sababu mgonjwa mwenyewe, kwa aina hii ya jeraha, ndiye shahidi dhaifu kuliko wote.

Lakini kumuuliza mtu kisha kumwacha barabarani ni ukatili. Akishaweza kusema "nadhani hii ni hofu, na imekuwepo tangu ajali", anahitaji mshauri katika kituo cha afya cha mtaa wake, si barua ya kumtuma Mathari, hospitali iliyoanzishwa mwaka 1910 ambayo jina lake peke yake linawafukuza watu. Jopokazi lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba afya ya akili itangazwe kuwa janga la kitaifa. Sheria ya Marekebisho ya Afya ya Akili ya 2022 ikazipa kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi. Bajeti ya kaunti hupitishwa kabla ya Juni 30, na wananchi wana haki ya kuuliza katika vikao vya maoni: vituo vya afya vya Kaunti ya Nairobi vina washauri wangapi wa kudumu, na wanalipwa kutoka fungu gani?